Kinu Kilichobaki Kanyenye

Zuhura alinipigia simu nikiwa napepeta mchele, na kabla hajaeleza lolote nikajua, maana aliniamkia mara mbili. "Shikamoo mama," alisema, nikaitikia, akarudia tena, "Shikamoo." Bibi yake, Bi. Sikudhani, alikuwa amefariki alfajiri, na wangemzika Tabora siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri. Nikamwambia wasinisubiri, nitawakuta matangani. Akasema, "Mama, Wanyamwezi wamejaa hapa uani hata pa kukanyaga hapana, lakini wamekaa tu wanalia. Mtani wake hasa ni wewe. Njoo utuchekeshe." Nilielewa ananiita kwenye kazi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha pembe na nta pwani na kupita katikati ya vijiji vya babu zao, na msiba wa Mzaramo bila Mnyamwezi wa kuvaa kanga za marehemu na kumwigiza alivyotembea na kusema ni msiba ulionyimwa haki yake. Nikapanda treni na Kalunde, mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe wanaomsumbua. Maganga, mume wangu, mgongo haumruhusu tena safari ndefu; alitusindikiza mpaka mlangoni tu, akasema, "Mwambie namdai," kisha akageuka haraka kuingia ndani. Njia nzima kutoka Dar es Salaam nilijaribu kutafuta kichekesho kimoja, sikukipata.

Sitaeleza hapa nilikozaliwa wala jinsi nilivyokutana na Maganga. Hayo yana mahali pake. Nataka kusimulia mwaka mmoja, ule wa mwisho wa sisi kukaa Kanyenye, mtaa wa Tabora mjini, Kalunde akiwa bado hajaanza shule na mdogo wake Mihayo ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi. Sikudhani. Ilikuwa nyumba ya zamani ya udongo, yenye kuta nene ambazo jua la kiangazi lilishindwa kuzipenya, na ukitoka kwenye mchanga wa moto wa barabarani ukaingia ukumbini ulihisi kama umepewa maji ya mtungini. Ndani kulinukia ubani na mkaa, na Jumamosi kulinukia tumbaku, kwa sababu Maganga alikuwa amerudi. Ukuta kati ya chumba chetu na chake haukufika juu kwenye paa, uliishia njiani, kwa hiyo tulisikiana kila kitu. Tulipogombana alikohoa. Alipokuwa anasali tuliwanyamazisha watoto. Na kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, sauti yake ilipita juu ya ule ukuta: "Mama Kalunde! Mmeamka, au mmeshajitwika mizigo mmeondoka?" Nami nilijibu nikiwa bado kitandani, "Tupo, mtani. Bado tunakula vyako." Siku nyingine Kalunde alijibu kabla yangu na bibi akacheka mpaka akapaliwa. Sasa naishi katika nyumba yenye dari na kuta za matofali zilizofika juu, na nakiri kwamba hadi leo nikiamka huwa nasikiliza kwanza.

Mizigo ndiyo ilikuwa utani wake mkubwa. Alituita wapagazi, akadai tunatembea tumeinamisha shingo hata tusipobeba kitu. Nilimjibu kwamba wao Wazaramo walikuwa wanakaa kando ya njia kuwauzia babu zetu maji ya kisima chao, na ndiyo maana mpaka leo hawajui kufanya kazi ya kusimama. Yeye mwenyewe alitoka Kisarawe akiwa bibi harusi, akimfuata mume aliyefanya kazi reli. Mume akastaafia Tabora, akafia Tabora, watoto wakatawanyika, yeye akabaki na nyumba na mjukuu wake Zuhura. Kinyamwezi alikijua vizuri sana, nilishamsikia akigombana nacho sokoni, ila nyumbani alijifanya hajui hata salamu ili tusipate la kujivunia.

Jioni zetu zilikuwa za uani. Mimi nilishona barazani mchana kutwa, cherehani ya miguu, nguo za wateja wa mtaani na sare za wanakwaya wa kanisani kwetu, na jua likilegea niliingia uani kutwanga karanga kwenye kinu changu. Kinu kile nilikitoa kwetu Lusu nilipoolewa, cha mninga, kizito kiasi kwamba Maganga alipokishusha kwenye lori alitukana. Nilitwanga karanga za kuungia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo mtu wa pwani akiyaona mara ya kwanza anadhani ni chakula cha mbuzi. Bi. Sikudhani alisema hivyo hivyo, kisha akala sahani mbili. Nikishamaliza kutwanga nilikifuta kinu, na nikigeuza mgongo tu, yeye alikipindua na kukikalia. Kwetu mtu hakalii kinu, si mtoto si mkubwa, na alijua. "Shuka mtani, unatuletea mkosi!" nilimpigia kelele. Alijifunga vizuri kanga yake, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Nimekalia Unyamwezi wote, na mpo kimya." Hakushuka mpaka nikikomboe kwa konzi ya karanga za kukaanga. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sikufikiria kwamba yale ndiyo maisha yenyewe. Nilidhani tunasubiri kuyaanza.

Maganga alikuwa fundi wa malori ya tumbaku huko Urambo. Aliondoka Jumatatu asubuhi, akarudi Jumamosi na nguo zilizokolea harufu tamu ya tumbaku, akala, akalala, akaenda nasi kanisani, na mara Jumatatu tena. Kiangazi cha mwaka ule kazi ikaanza kuyumba. Malori yalipungua, mafundi wakaambiwa waje kwa zamu. Rafiki yake aliyehamia Dar es Salaam akampatia nafasi kwenye gereji kubwa, kazi ya kudumu, na chumba cha kuanzia huko Temeke. Walitaka jibu kabla ya mvua. Aliniambia tukiwa tunakula, akiwa analikanda tonge la ugali muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Tukiamua kwenda, tunakwenda wote," alisema. "Ukisema unabaki, nitakwenda peke yangu na nitakuja sikukuu. Jibu toa wewe, Mama Kalunde. Nikiamua mimi utanilaumu mpaka tuzeeke." Nilikasirika sana. "Na nikiamua mimi, nitamlaumu nani?" Akatabasamu, akaniwekea kipande chake cha samaki kwenye sahani, na hasira yangu ikazidi.

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa na wateja niliowajua kwa vipimo vya miili yao. Nilikuwa na uani ambao mwanangu angeanguka upande wowote na kuokotwa na mtu. Dar es Salaam nilikuwa nimefika mara moja tu, nikakumbuka jasho na watu wasiojibu salamu. Upande wa pili alikuwa mume wangu, na waume wa sikukuu niliwaona wa kutosha mtaani; walishuka kwenye treni na zawadi, wakapanda treni wameacha mimba. Nilizunguka na mawazo hayo wiki nzima, mishono ikawa inakwenda upogo, nikafumua gauni la mke wa mchungaji mpaka kitambaa kikachoka.

Bi. Sikudhani hakuhitaji kuambiwa, ukuta ulishamwambia. Jumapili iliyofuata tumekaa uani tunakunywa chai kwa michembe, yale makopa ya viazi vitamu yaliyochemshwa, akaanza. "Nasikia wapagazi mnataka kushuka kwetu. Nani kawapa ruhusa? Uzaramo hauingiwi bure. Zamani mlitoa ushuru, na mtatoa." Maganga akauliza anataka ushuru gani. Akamnyooshea kidole Kalunde, aliyekuwa anachimba mchanga na kijiko. "Huyo." Na Maganga, mdomo umejaa michembe, akacheka na kusema, "Mchukue! Tena anakula kuliko mimi." "Umesema?" "Nimesema." "Mama Kalunde, umesikia?" Nami nilikuwa nacheka, nikaitikia kwamba nimesikia. Hilo ndilo kosa tulilofanya, na sidhani kama watu wasio na watani wanaweza kulifanya. Kitu alichokuchukulia mtani hunyang'anyi wala hunungʼuniki. Unakikomboa, na anayetaja ukombozi ni yeye. Jioni ile Kalunde alibeba mkeka wake mdogo na mto wake, akahamia upande wa pili wa ukuta, anaruka kwa furaha.

Siku za mwanzo ilikuwa burudani. Bi. Sikudhani alimsuka, akamwogesha, akampaka mafuta ya nazi mpaka akang'aa, akawa anapita naye madukani akiwaambia watu, "Huyu ni wangu. Wazazi wake wanaondoka." Watu walicheka, na mimi nilicheka, halafu nikaanza kusikia lile neno la mwisho peke yake. Wanaondoka. Nilimwuliza ukombozi ni nini, akasema bado anafikiri. Nikapeleka karanga, akazila, akasema hizo ni za kinu. Nikapeleka chupa ya asali, akasema asali ni zawadi, ahsante. Wiki zikapita, mtoto halali kwangu, na mawingu yakaanza kujikusanya alasiri. Sikuweza kumwuliza kama anatania au la, kwa sababu kuuliza hivyo ni kuonyesha kwamba umechukia, na mtani anayechukia hana heshima tena mtaani. Maganga naye kila Jumamosi aliniambia, "Ni utani tu." Alisema kwa wepesi wa mtu anayelala Urambo. Nilikuwa nalala na Mihayo peke yake, nikisikia upande wa pili mwanangu anafundishwa majina ya vijiji vya Kisarawe, na nilihisi wivu, ndiyo, na nyuma ya wivu woga. Je, kama amemaanisha? Na je, kama Kalunde akisema anabaki?

Jumamosi moja mchana nilikuwa chumbani nanyonyesha. Maganga alikuwa ameingia muda si mrefu, nikamsikia yuko ukumbini kwa Bi. Sikudhani, na kwa kuwa sauti zao zilishuka nikadhani wananong'ona utani wao. Kisha nikasikia mume wangu anasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Bibi, leo nimefika, Kalunde kaniamkia, kaniletea kiti." Bi. Sikudhani akasema mtoto ana adabu, tatizo nini. "Kiti, Bibi. Kaniwekea kiti pale mlangoni, akasema, karibu, mama yuko ndani. Kama mgeni. Na yule mdogo nikimbeba analia." Nilisubiri utani. Siku nyingine Bi. Sikudhani angesema, wewe ni mgeni kweli, mpagazi wa Urambo. Hakusema. Mihayo akaacha kunyonya, akanitazama. "Mume wangu naye alikuwa mtu wa treni," akasema mwishowe. "Wanangu walimzoea alipostaafu. Walikuwa wameshaota ndevu." Sikusikia zaidi. Nilibaki na mtoto mapajani, ziwa wazi, na jibu nililokuwa nalitafuta miezi yote lilikuwa limekaa ndani yangu, zito, wala halikunifurahisha. Tungekwenda. Nililia palepale kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kupakumbuka mahali nilipokuwa nimekaa.

Kesho yake nilimfuata chumbani kwake na kahawa. Alikuwa amejilaza kwenye kitanda chake cha chuma, Kalunde amelala ubavuni, mguu juu ya tumbo la bibi. Nikasema tunakwenda. Akasema anajua. Nikasema, "Bibi, nirudishie mtoto." Nilimwita bibi, sikumwita mtani. Alinitazama, akapigapiga kitanda nikae. "Leo sitanii," akasema. "Nilipoolewa nilifungasha kila kitu changu kule kwetu. Hata kijiko sikuacha. Mama yangu aliniambia, mwanangu, acha japo jamvi, nikakataa, nilikuwa na haraka ya kuwa mke wa mtu. Basi kila nilipotamani kwenda, nilijiuliza nafuata nini, nikaona hakuna. Mwaka huu, mwaka ujao. Mama akafa, nyumba ikaanguka. Mpaka leo nipo hapa nawatania ninyi." Alimwondoa Kalunde ule mguu taratibu. "Mtoto mchukue, ni wako. Nilijua hutamwacha. Lakini hutaondoka hapa kama nilivyoondoka mimi. Acha kitu kinachokuuma." Nikamwambia ataje. Hakufikiri hata kidogo, nadhani alikuwa ameshakitaja moyoni tangu siku ya kwanza. "Kinu."

Nilianza kubisha. Nikasema nitatwangia nini huko, nikasema ni cha kwetu, nikasema mengi. "Utatwangia hapa," akasema. "Utakuja na karanga zako utatwanga, utaondoka. Tena nishukuru. Mpagazi gani siku hizi anapanda treni na kinu?" Nikacheka huku machozi yananiingia mdomoni, naye akanifuta kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anafuta sufuria.

Siku ya kuondoka alifanya jambo ambalo Kanyenye walilizungumza mpaka tuliporudi. Alikuwa ametufungia matobolwa ya viazi vitamu, karanga na asali kwenye furushi kubwa la kanga. Maganga alipotaka kulichukua, akalikataa. Akaviringisha kata, akalitua furushi kichwani mwake, akatangulia barabarani mpaka stesheni. "Njooni muone!" alikuwa anawaita watu kwenye maduka. "Njooni muone Mzaramo anawabebea Wanyamwezi!" Watu wakatoka, wakashangilia, wengine wakatufuata, mafundi cherehani wenzangu wakapiga vigelegele, na mimi nikatembea nyuma yake na mtoto mgongoni nikiutazama ule mwendo wake wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto. Dirishani, treni ikianza kusogea, alinishika vidole. "Haya. Wewe unakwenda kwetu, mimi nabaki kwenu." Kila utani una jibu lake, na mimi nilikuwa hodari wa majibu. Hilo sikulipatia jibu. Nililitafuta mpaka Dodoma.

Sijutii kwenda. Maganga alirudi nyumbani kila jioni, mikono ina grisi, na Mihayo alikuwa anamsubiri barabarani. Leo gereji ni ya Mihayo. Nilipata wateja, nikajifunza kupika samaki wa nazi, nikajenga. Lakini nimepatamani Kanyenye kila siku ya maisha yangu, na nimechoka kujifanya hali hiyo huisha. Natamani ule ubaridi wa ukumbi, vumbi jekundu la kiangazi, sauti ya mchi wangu. Kwa sababu ya kinu nilirudi. Mwanzoni kila mwaka, na karanga kwenye mfuko, nikatwanga, tukala, akakikalia, nikakikomboa. Baadaye watoto walisoma, fedha ikawa ya shule, miaka ikawa inaruka mmoja, kisha zaidi ya mmoja. Safari ya mwisho alikuwa haoni vizuri, ila alikipapasa na kukikalia vilevile.

Tulifika siku ya pili ya matanga, alasiri. Uani palikuwa na majamvi, masufuria ya pilau, na wanawake walioegemea kuta, wamechoka kulia. Kinu kilikuwa pale pale karibu na jiko, mdomo wake umelika, kimefutwa. Zuhura alinikumbatia, akaniambia sikioni kitu ambacho hakuwahi kuniambia. "Asubuhi iliyofuata baada ya kuondoka kwenu, bibi aliita. Alisahau kwamba hampo. Aliita kama kawaida, halafu akakaa kitandani, hakutoka mpaka mchana." Kisha akanikabidhi kanga za marehemu. Bado zilikuwa na ubani. Kalunde akaenda zake jikoni kusaidia kumenya vitunguu, nikabaki nimesimama mbele ya watu, nywele nyeupe, sina kichekesho.

Nikajifunga kanga juu, kama alivyojifunga. Nikaburuta mguu wa kushoto. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akaziba mdomo. Nikaweka mkono kiunoni, nikakohoa kile kikohozi chake cha kutukataza kugombana, na kicheko cha kwanza kikatoka mahali fulani kwenye majamvi. Nikakiendea kinu. Nikakipindua, kizito kilekile, nikakikalia mimi, Mnyamwezi wa Lusu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. "Shuka! Shuka, unatuletea mkosi!" wakapiga kelele wanawake wote kwa pamoja. "Nimekalia Unyamwezi wote," nikasema kwa sauti yake, "na mpo kimya!" Uani pakalipuka. Zuhura alikuwa anacheka na kulia, ameshika mbavu. Wakanirushia karanga kukikomboa, nikazikataa, nikawaita wapagazi, nikadai ushuru, na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, yote, kwa sauti ile, hata nikasahau kwamba ni mimi ninayeyasema. Nikageukia dirisha la chumba tulichokuwa tumepanga, nikaita kama alivyoita kila asubuhi: "Mama Kalunde! Mmeamka, au mmeshajitwika mizigo mmeondoka?"

Nikasubiri jibu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba la kujibu ni langu, na mimi nimekaa upande huu, kwenye kinu, na kanga zake. Kicheko kikapungua. Watu wakaniangalia.

Kutoka jikoni, bila kutokeza kichwa, mwanangu Kalunde akaitikia.

"Tupo, mtani. Bado tunakula vyako."